Tuliwatoa Nigeria Kigali 2021: ni nini hasa kilichotufikisha robo fainali, na mbona hatujarudi?

#1 Mzee wa Lugogo
Wanajukwaa, salaam. Kila timu yetu ya taifa ya mpira wa kikapu ya wanaume inapoingia uwanjani, lazima mtu atukumbushe Kigali. Ni kweli kwamba katika AfroBasket, yaani mashindano ya mataifa ya Afrika, ya 2021 Silverbacks waliwatoa Nigeria kwa pointi 80 kwa 68, wakaingia robo fainali, wakafungwa na Cape Verde na kumaliza katika nafasi ya 6 Afrika, jambo ambalo hatukulifikia tuliposhiriki 2015 wala 2017. Hoja yangu, ambayo najua itawaudhi wengi, ni kwamba mafanikio yale hayakutoka Uganda. Ligi yetu ilikuwa imesimama kwa sehemu kubwa ya 2020 na 2021 kwa sababu ya korona, na bado tukapata matokeo bora kuliko miaka yote ambayo ligi ilichezwa bila kukatizwa. Waliotubeba ni Ishmail Wainright, Mmarekani tuliyempa uraia, pamoja na vijana wenye asili ya hapa waliocheza vyuo vya Marekani, kama Adam Seiko na mdogo wake Arthur Kaluma. Anayepinga alete sababu nyingine, na aeleze pia kwa nini hatukufuzu Kombe la Dunia la 2023 na kwa nini kule Angola 2025 robo fainali tuliisikia redioni.

#2 Binti wa Arua
Mzee, shikamoo. Mchezo wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, una dakika 40 na watu 5 uwanjani, kwa hiyo kuna dakika 200 za kugawana, na Wainright hata angecheza bila kupumzika hawezi kuzidi 40. Hizo nyingine 160 zilichezwa na malaika? Katika timu yetu wamekuwamo watu wa klabu yetu ya City Oilers kama Jimmy Enabu, ambao walijifunzia mchezo huu hapa hapa, na kazi yao haionekani kirahisi kwenye karatasi ya matokeo: kumzuia mpinzani asipate pasi, kuchukua faulo wakati mwafaka, kurudi nyuma haraka. Wewe unahesabu pointi tu.

#3 Kasese Kwetu
Naungana na dada. Tena msisahau uzito wa ushindi ule. Tuliifunga timu ambayo mwezi mmoja tu kabla ilikuwa imeifunga Marekani kule Las Vegas. Timu ya namna hiyo haifungwi na mtu mmoja wa kuazima.

#4 Takwimu Ntinda
Ndugu wa Kasese, hapo turekebishe kabla habari haijasambaa. Nigeria waliifunga Marekani kwa 90 kwa 87 mwezi Julai 2021 katika mchezo wa kirafiki, wakiwa na kikosi cha Olimpiki ya Tokyo kilichojaa wachezaji wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, chini ya kocha Mike Brown. Waliokuja Kigali hawakuwa wale. Nyota wa NBA hawakuja, na benchi lilikuwa na kocha mwingine. Isitoshe, Nigeria hawakuongoza kundi lao. Walifungwa na Ivory Coast, na ndiyo maana walilazimika kupitia mchezo wa mtoano dhidi yetu badala ya kwenda robo fainali moja kwa moja.

Maelezo yangu kwa hiyo ni ya kuchosha: tulikutana na jina kubwa lenye kikosi cha kawaida, katika mchezo mmoja, wa dakika 40. NBA wanacheza dakika 48, na mpaka bingwa apatikane timu mbili zinakutana hata mara 7, ndiyo maana mnyonge ni nadra kupenya. Katika AfroBasket unahitaji jioni moja tu ambayo mitupo yako ya mbali inaingia na ya mwenzako inagonga pete na kutoka. Sisemi hatukustahili. Nasema tusijenge nadharia nzima juu ya jioni moja.

#5 Kasese Kwetu
Sawa, Takwimu, lakini jezi iliandikwa Nigeria, na wewe usiku ule hukulala kwa furaha kama sisi wengine.

#6 Afande Mstaafu
Nawasalimu wote. Mnasahau jambo la msingi ambalo mwanajeshi yeyote angelianza nalo, nalo ni eneo. Kigali ni jirani. Hatukuvuka jangwa kwenda Tunisia, hatukubadilisha hali ya hewa wala chakula, na mashabiki wetu walipanda basi jioni Kampala wakafika asubuhi uwanjani. Timu iliyocheza mbele ya watu wake ilicheza kama iko nyumbani. Hiyo ndiyo sababu, na ndiyo maana kule Angola, mbali na nyumbani, mambo yalikuwa mengine.

#7 Duka la Kabale
Afande, kwa heshima zote, basi hilo lilipita wapi? Mpaka wa Katuna, kati yetu na Rwanda, ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi 31 Januari 2022. AfroBasket ilichezwa kuanzia tarehe 24 Agosti hadi 5 Septemba 2021, katikati kabisa ya kufungwa kule. Sisi wa Kabale ndio tuliokuwa karibu kuliko Waganda wote, na kwetu Kigali ilikuwa mbali kama Luanda. Malori yalikuwa hayapiti, ndugu walikuwa wanazikana kwa simu, na juu ya hayo kulikuwa na masharti ya korona. Mchezo wa Nigeria niliutazama dukani kwa simu iliyoegemezwa kwenye gunia la sukari, wateja watano wamenizunguka na hakuna aliyenunua kitu. Mashabiki wa basi sikuwaona.

#8 Afande Mstaafu
Mpaka nimeusikia, mama. Hata hivyo hali ya hewa na chakula hazikufungwa mpakani.

#9 Mluhya wa Busia
Nawasoma kutoka upande wa pili wa mto. Mnapigania nafasi ya 6 utadhani ni kombe! Sisi Wakenya mwaka huo huo tulirudi AfroBasket baada ya miaka 28, tukawafunga Mali, kisha tukatolewa na Sudan Kusini kwa tofauti ndogo sana kwenye hatua ileile mliyowatoa Nigeria. Kikapu kimoja tu nasi tungekuwa robo fainali. Kwa hiyo namuunga mkono Takwimu Ntinda. Kati ya Kenya iliyosahaulika na Uganda inayoandikiwa nyuzi ndefu kulikuwa na mpira mmoja uliodunda vizuri.

#10 Mzee wa Lugogo
Jirani, karibu, lakini mpira wetu haukudunda vizuri mara moja tu. Pengo la pointi 12 dhidi ya Nigeria si kikapu kimoja. Na yule Wainright, baada ya Kigali, alicheza NBA na Phoenix Suns. Tulimpata katika kipindi kizuri kuliko vyote vya maisha yake, akiwa anapigania mkataba, na kila mchezo kwake ulikuwa kama usaili wa kazi. Nasikitika kurudia: huwezi kukipanga kitu kama hicho. Unakiokota.

#11 Muhasibu wa Benchi
Tena alikuwa na mabega ya ajabu. Chuoni Baylor aliwahi kucheza pia ule mpira wa miguu wa Kimarekani wa kugongana, na ilionekana. Samahani kwa kuwakatiza, endeleeni.

#12 Kocha wa Jinja
Ndugu wote, nimefundisha mchezo huu shuleni kwa miaka mingi, na naona mnazunguka pembeni mwa jambo lenyewe. Tatizo letu ni paa na sakafu.

Kijana wangu anajifunza kutupa mpira kwenye kiwanja cha saruji, nje, chenye pete iliyopinda kwa sababu wadogo wake huning'inia pale jioni. Upepo unapovuma kutoka ziwani, mtupo wa mbali hauna maana, kwa hiyo anajizoeza kukimbilia ndani kila anaposhika mpira. Mpira wenyewe umekwisha vinundu hadi umekuwa laini, na mkono wake unauzoea huo. Mvua ikinyesha, mazoezi yamekwisha, kwa sababu saruji iliyolowa inavunja viuno. Shule moja niliyofundisha ilijenga jengo la utawala lenye vigae, na kiwanja kikageuka kuwa maegesho ya magari ya wazazi siku za mikutano. Kijana huyo nikimpeleka ukumbi wa Lugogo kwa mara ya kwanza, kwenye sakafu ya ndani, anaanza kwa kuteleza, kisha mitupo yake yote inapita juu ya pete, kwa sababu hakuna upepo wa kuirudisha. Anahitaji muda kujifunza upya, na wengi hawapewi muda huo, kwa kuwa ukumbi wa ndani wa maana ni huo mmoja na kila mchezo unaugombania.

Rwanda walifungua Kigali Arena mwaka 2019, watu 10,000 wanakaa chini ya paa, na tangu hapo AfroBasket imekwenda kwao, ligi ya Afrika ya BAL ikaanzia kwao. Sisi fedha za viwanja tumezielekeza kwenye kandanda, kwa sababu ya AFCON ya 2027. Sipingi kandanda. Nasema tu kwamba kijana anayetupa mpira vizuri hukua pale asipopigwa na upepo, na wale wa ughaibuni anaowasema Mzee wa Lugogo tofauti yao na wangu ni hiyo hasa. Asili ya damu haihusiki.

#13 Binti wa Arua
Kocha, ahsante. Lakini mbona paa hilo halijawapa Rwanda kombe?

#14 Kocha wa Jinja
Dada, mfupa huo nakuachia wewe. Paa halitoshi, lakini bila paa hata mjadala hauanzi.

#15 Juba-Kampala
Naomba mnisikilize mimi niliye na miguu miwili. Mwaka 2021 Uganda na Sudan Kusini tulikuwa kundi moja Kigali, pamoja na Senegal na Kamerun. Mwisho wa mashindano Uganda wakawa wa 6, Sudan Kusini wa 7. Kumbukeni mpangilio huo. Miaka miwili baadaye Sudan Kusini walikuwa kwenye Kombe la Dunia la 2023, wakawafunga China, Ufilipino na Angola, wakapata tiketi ya Olimpiki. Julai 2024 wakaikosakosa Marekani London kwa 101 kwa 100, kisha kule kwenye michezo yenyewe ya Paris wakawafunga Puerto Rico. Aliyekuwa nyuma yenu kwa nafasi moja!

Hawakuwa na ligi kubwa kuliko yenu, wala paa, Kocha, kwa sababu Juba hakuna ukumbi wa namna ya Kigali. Walikuwa na watu wa ughaibuni kama ninyi, na walikuwa na Mmarekani wao wa uraia, Carlik Jones, kama ninyi mlivyokuwa na Wainright. Tofauti ni kwamba Luol Deng, aliyecheza NBA miaka mingi, alichukua uongozi wa shirikisho na kuwakusanya vijana wale mwaka baada ya mwaka, chini ya kocha yuleyule, Royal Ivey, mpaka wakazoeana. Uganda iliwakusanya ilipowahitaji. Kwa hiyo mimi nasema ni uongozi.

Na jingine la kuwaumiza: Khaman Maluach, mwenye urefu wa mita 2.18, alizaliwa Rumbek lakini alikulia Kawempe. Mpira wa kikapu aliushikia Kampala. Baadaye akaenda akademia ya NBA kule Saly, Senegal, akacheza Olimpiki na Sudan Kusini akiwa na miaka 17, akapita chuo cha Duke, na Juni 2025 akachaguliwa wa 10 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Mtoto wa Kawempe huyo.

#16 Kasese Kwetu
Basi tumwombe arudi! Amekula matooke yetu, amepanda boda zetu, na hata BAL ya 2024 aliichezea City Oilers. Apewe paspoti ya Uganda kesho.

#17 Wakili Mbarara
Ndugu, paspoti si tatizo, tatizo ni kanuni. Aliyekwisha kuichezea timu ya taifa moja katika mashindano rasmi ya wakubwa hahami hivi hivi kwenda nyingine, na yule kijana ameshacheza Olimpiki. Tena ni Msudani Kusini kwa kuzaliwa na kwa hiari yake, kwa hiyo tuliache.

Kuna jambo muhimu zaidi ambalo halijaguswa. FIBA inaruhusu mchezaji mmoja tu kwa kila timu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Mtoto wa Mganda aliyezaliwa Boston au Toronto anaweza kuwa na haki zote za asili, lakini wazazi wake wasipomchukulia paspoti ya Uganda kabla ya umri huo, FIBA inaweza kumhesabu katika nafasi ileile moja ya Wainright. Sheria yetu imeruhusu uraia pacha tangu 2009, hivyo mlango upo. Wazazi hawaambiwi. Kijana anafikisha miaka 19, anaanza kung'ara chuoni, tunampigia simu, kisha tunagundua kwamba tumechelewa miaka mitatu. Mzee wa Lugogo anasema mchezaji wa nje tunamwokota. Nami nasema tunamwokota kwa sababu hatukumwandikisha.

#18 Mzee wa Lugogo
Wakili amenipa hoja nzuri kuliko niliyokuja nayo, na bado ni hoja ya ughaibuni. Mnaona?

#19 Takwimu Ntinda
Tunaona, Mzee, lakini ongeza kalenda. AfroBasket ya 2021 ilichezwa Agosti, wakati NBA imefungwa, msimu wa kikapu wa vyuo vya Marekani haujaanza na ligi nyingi za Ulaya hazijaanza. Kila mtu alikuwa huru. Michezo ya kufuzu Kombe la Dunia inachezwa kwa madirisha: Novemba, Februari, na katikati ya mwaka. Novemba na Februari NBA haiachii mchezaji, na vyuo vya Marekani viko katikati ya msimu. Kaluma na Seiko walikuwa darasani na uwanjani kwao. Aprili 2023 Seiko alikuwa kwenye fainali ya vyuo vya Marekani na chuo chake cha San Diego State. Sasa timu iliyojengwa juu ya vijana wa chuo itafuzu vipi katika madirisha ambayo vijana hao hawapo? Kigali hatukuwa bora kuliko tulivyo. Tulikuwa kamili tu.

#20 Juba-Kampala
Takwimu, kalenda hiyo hiyo iliwabana Sudan Kusini pia, na walishinda michezo 11 kati ya 12 ya kufuzu. Wao waliwatumia zaidi watu waliokwisha kumaliza chuo, wanaolipwa katika ligi za Australia, Ulaya na kwingineko.

#21 Takwimu Ntinda
Ndiyo, na wewe umeieleza vizuri tofauti hiyo bila kumhitaji Luol Deng.

#22 Afande Mstaafu
Nimewasikiliza wote, na naona hakuna aliyewataja wenye kombe. Angola wamelitwaa mara 12, mara ya mwisho 2025 nyumbani kwao walipowafunga Mali katika fainali. Katika miaka yao ya utawala, tangu 1989, hawakuwa watu wa kusubiri ndege kutoka Marekani. Uti wa mgongo wa timu yao ulikuwa Petro de Luanda na Primeiro de Agosto, klabu zilizokutana kila msimu mpaka wachezaji wakajuana kwa kunusa. Petro walitwaa hata BAL mwaka 2024. Kwa hiyo anayesema ligi ya nyumbani haichangii chochote anapaswa kuwaeleza Waangola wamefikaje hapo. Hapa kwetu City Oilers walitawala kuanzia 2013 mwaka baada ya mwaka bila mtu wa kuwasumbua sana, na bingwa asiyesumbuliwa hanoleki. Walipofika BAL 2023, klabu ya kwanza ya Uganda kufika huko, walikutana na kasi ambayo nyumbani hakuna aliyewahi kuwaonyesha.

#23 Mzee wa Lugogo
Afande, Angola wana mafuta, na klabu ulizozitaja moja ni ya kampuni ya mafuta na nyingine ya jeshi. Mishahara inalipwa. Hapa mchezaji wa ligi kuu anatoka kazini saa kumi na moja, anapanda boda kwenda mazoezini, anafika amechelewa, na kesho yake anatakiwa amzuie mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu tangu asubuhi. Unalinganisha vipi?

#24 Afande Mstaafu
Na sisi tuna jeshi, na jeshi letu lina timu kwenye ligi. Mafuta nayo yako Hoima. Tusilie umaskini kabla hatujaulizwa.

#25 Binti wa Arua
Afande leo amekula nini? Nakubaliana naye, ila naomba kuuliza jambo moja, kwa kuwa kila mtu humu ana sababu yake na hakuna aliyemtaja kocha. Mwaka 2015 tulikuwa na Mandy Juruni, mtu wa hapa anayeijua ligi. Kigali tulikuwa na George Galanopoulos, Mmarekani. Je, kocha anayewajua wachezaji kwa video tu ana faida ya kutokuwa na upendeleo, au ana hasara ya kutojua kwamba kuna kijana Ndejje au Mukono anayefaa zaidi ya huyo wa video?

#26 Kocha wa Jinja
Swali zuri. Kocha wa nje hapewi muda wa kuzunguka Ndejje wala Mukono, anapewa siku chache na orodha ya majina. Akichukua wa nje analaumiwa, akichukua wa ndani akafungwa analaumiwa zaidi. Hata hivyo, kanuni za FIBA zinampa kitu cha kufanyia kazi. Tofauti na NBA, hakuna sheria inayomzuia mlinzi kusimama chini ya kikapu zaidi ya sekunde 3, kwa hiyo timu fupi inaweza kujaza watu ndani na kumlazimisha mpinzani atupe kutoka mbali. Hilo halihitaji Mmarekani wala mrefu wa Kawempe. Linahitaji wiki tatu za kulala kambi moja.

#27 Mluhya wa Busia
Na fedha za hiyo kambi zinatoka wapi?

#28 Duka la Kabale
Jirani, usitufungulie uzi mwingine. Ila tangu mpaka ufunguliwe, basi la Afande sasa lipo. Michezo ikirudi Kigali mimi nakwenda, na anayetaka nafasi aniambie mapema, kwa kuwa dukani nitamwacha mtu.

#29 Kasese Kwetu
Niwekee moja, mama, na Takwimu Ntinda umweke kiti cha nyuma na kikokotoo chake.